Rula ya Profesa na Ndege ya Mama

Kila siku akirudi kutoka shuleni, Profesa alivua viatu mlangoni, akamwamkia Bibi, kisha akaanza kuokota pini. Bibi alikuwa fundi wa kushona nguo, na chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho kilichokuwa karakana yake. Sakafu haikukosa pini hata siku moja. Profesa alikuwa na sumaku aliyoifunga kwenye uzi, akaiburuta chini ya meza na chini ya cherehani, huku akimsimulia Bibi mambo ya darasani. Bibi alisikiliza kwa sikio moja. La pili lilikuwa kwenye cherehani.

Profesa si jina alilopewa alipozaliwa. Alipewa na Mjomba, ambaye ni dereva wa teksi, siku walipobishana kama nyangumi ni samaki au si samaki, na Mjomba akashindwa. Tangu hapo mtaa mzima ukamwita Profesa, msichana wa miaka kumi na miwili mwenye magoti yaliyojaa makovu. Mwanzoni alinuna. Baadaye alilipenda, tena akalipenda kupita kiasi. Ubaya wa jina kama hilo ni kwamba ukishalizoea, unaanza kuona haya kuuliza kitu.

Mama yake alifanya kazi katika mji wa mbali, nchi nyingine kabisa, akipiga pasi mashuka ya hospitali. Alikwenda huko Profesa akiwa darasa la nne, na sasa yuko darasa la sita. Kila Jumapili sauti ya Mama ilitoka ndani ya simu ndogo ya Bibi, ikauliza habari za shule, ikacheka, kisha ikakatika. Juma hili lilikuwa tofauti. Mama alikuwa amepata likizo na angekuja Jumamosi kwa ndege.

Juu ya meza ya kukatia palikuwa na kitambaa cha bluu chenye maua madogo meupe. Bibi alikuwa amekinunua kwa ajili ya gauni la Mama. Alikipiga pasi, akakikunja, akakiacha pale bila kukigusa kwa mkasi.

"Bibi, si umshonee kabisa, akute liko tayari?" Profesa aliuliza. "Wewe ndiye uliyemzaa. Vipimo vyake unavijua."

"Nilimzaa, sikumshona," Bibi akajibu bila kuinua macho. "Miaka miwili sijamwona. Atakuja, nitampima."

"Lakini picha zake tunazo."

"Picha haina kiuno, mjukuu wangu. Kuna bwana harusi mmoja aliniletea picha yake nimshonee suruali, eti hana nafasi ya kuja. Nilikuwa bado kijana, nikajiona fundi kwelikweli, nikashona. Siku ya harusi suruali ikamwishia hapa." Bibi alionyesha katikati ya muundi wake. "Alioa hivyo hivyo. Mpaka leo tukikutana njiani yeye hutazama miguu yangu na mimi hutazama yake."

Profesa alicheka hadi sumaku ikamponyoka. Hakujua kwamba kabla ya juma kwisha atakuwa na kosa lake mwenyewe la suruali.

Juma hilo mwalimu wa hisabati alikuwa akiwafundisha umbali, mwendo na muda. Profesa alipata maswali yote. Siku ya Alhamisi, baada ya kuokota pini, alifungua kitabu chake cha ramani, akalaza rula kutoka mji wa Mama mpaka mji wao. Sentimita kumi na mbili. Kila sentimita moja ilikuwa sawa na kilomita mia mbili, kwa hiyo umbali ulikuwa kilomita elfu mbili na mia nne. Katika mifano ya darasani ndege iliruka kilomita mia nane kwa saa. Akagawanya. Saa tatu kamili, hata baki hakuna! Na Mama alikwishasema kwamba ndege yake itaondoka saa nne asubuhi. Basi atatua saa saba mchana. Profesa alipiga mistari miwili chini ya jibu, kama mwalimu alivyowafundisha, akalitazama kwa raha.

Jioni hiyo Bibi alimpa simu. "Hebu mpigie mama yako, muulize ndege inafika huku saa ngapi. Mjomba wako anataka kujua atupitie saa ngapi."

Profesa alitoka na simu mpaka kibarazani. Akaweka kidole kwenye kitufe, lakini hakubonyeza. Jibu si alikuwa nalo? Kupiga simu kuuliza kitu ambacho umeshakikokotoa ni sawa na kuchungulia majibu nyuma ya kitabu. Alisimama kidogo akihesabu baiskeli zilizopita, kisha akarudi ndani.

"Saa saba mchana, Bibi."

"Umemuuliza?"

"Ndiyo."

Ndiyo hiyo ilitoka kirahisi sana. Bibi alirudi kwenye cherehani na Profesa akaenda kuoga.

Jumamosi asubuhi nyumba ilinukia sabuni. Bibi alipika wali na mchuzi mapema, akavifunika. Alikunywa chai na kipande cha mkate, akameza vidonge vyake. Bibi alikuwa na ugonjwa wa kisukari, na muuguzi wa kliniki alikuwa amewaeleza wote wawili, bibi na mjukuu, kwamba akishameza vidonge vya asubuhi asikose chakula cha mchana hata iweje. Ndiyo maana kila alipotoka Bibi alibeba kopo dogo lenye mkate na mayai ya kuchemsha. Siku hiyo alilitazama kopo, akaliacha kabatini.

"Saa saba anashuka, saa nane tuko mezani," alisema. "Leo nitakula na mwanangu."

Mjomba alipiga honi, akawapakia. "Profesa, umeshamweleza rubani apitie wapi?" alitania njia nzima. Alipowashusha uwanja wa ndege alirudi kwa wateja wake, akawaambia kwamba Mama akitoka wampigie simu yeye aje.

Ukumbi wa kupokea wageni ulikuwa na viti vya plastiki, kibanda cha kuuza vinywaji, na mlango wa kioo uliojifungua wenyewe kila msafiri alipotoka. Mbele ya mlango palikuwa na kizuizi cha chuma. Bibi alichagua kiti kilichotazamana na mlango, akajitengeneza ushungi. Mikono yake, ambayo kwa kawaida haikai bila kazi, ilikuwa inakunja na kukunjua leso.

Saa saba ikafika. Mlango ukafunguka, akatoka mzee mwenye bakora, akatoka kijana aliyebeba mtoto aliyelala, wakatoka watu wa kila aina wenye masanduku. Mama hakuwemo. Saa saba na nusu ikapita. Bibi alimpigia simu, akajibiwa kwamba haipatikani. Akapiga tena. Haipatikani.

"Nenda pale ukaulize," Bibi alisema, akionyesha dawati lililoandikwa ULIZA HAPA kwa herufi kubwa nyekundu.

Nyuma ya dawati alikaa dada mmoja aliyevaa skafu ya manjano. Profesa alimwamkia, akamtajia mji alikotoka Mama. Yule dada akabofya kompyuta yake.

"Hiyo inatua saa kumi na moja jioni."

"Imechelewa?"

"Haijachelewa hata kidogo. Ndiyo saa yake ya kila siku. Haiji moja kwa moja, mdogo wangu. Inateremka kwanza mji mwingine huku kusini, watu wanashuka, wengine wanapanda, inajaza mafuta, ndipo inakuja kwetu. Halafu saa zao na zetu hazilingani. Ikigonga saa nne kule, huku sisi tuko saa tano." Akamtazama. "Kwani nani aliwaambia saa saba?"

Profesa alihisi masikio yake yakipata moto. Kwenye ramani yake hapakuwa na mji wa kusini, wala saa za watu wengine. Palikuwa na rula tu. Aliitikia "asante" kwa sauti ambayo hata yeye hakuisikia, akaanza kurudi.

Alikuwa na nafasi ya kusema kweli, na alijua. Njia nzima kutoka dawatini alijiambia, nitasema, nitasema. Lakini Bibi alikuwa amemkazia macho, na macho yale yalimwamini.

"Wamesemaje?"

"Imechelewa kidogo, Bibi."

Bibi aliinuka pale pale. "Imechelewa kwa nini?"

"Hawakusema."

"Hawakusema!" Bibi alishika kifua. "Wanaficha. Kama ni mvua wangesema mvua. Ni injini, au ni nini? Ee Mungu, mwanangu!"

Profesa hakuwa amefikiria hilo. Alidhani neno kuchelewa litafunika aibu yake basi, kumbe limefungua mlango mwingine kabisa. Bibi alikwenda kusimama kwenye kizuizi, akakishika kwa mikono miwili, macho yake yakaganda kwenye mlango wa kioo. Kila ulipofunguka alinyoosha shingo. Kila ulipofungwa midomo yake ilisogea kwa dua.

"Bibi, kaa nikununulie mkate pale kibandani."

"Nile? Mwanangu yuko angani hajulikani aliko, mimi nikae nitafune mkate?"

"Bibi, muuguzi alisema..."

"Muuguzi hana mtoto ndani ya ndege hiyo."

Ilipokaribia saa tisa Profesa aliona jambo lililomfanya asahau aibu na kila kitu. Kizuizi cha chuma kilikuwa kinatikisika, na aliyekitikisa ni Bibi. Mikono yake ilitetemeka. Jasho lilimtiririka kipajini ingawa feni zilikuwa zinazunguka juu yao. Profesa alipomgusa, Bibi aligeuka akamwita kwa jina la Mama.

Muuguzi alikuwa amewaeleza hayo. Kutetemeka, jasho, maneno kupotea: sukari imeshuka mno, apewe kitu kitamu mara moja, msingoje.

"Bibi, kaa chini! Nilisema uongo!" Machozi yalikuwa yameshaanza kumtoka. "Ndege haijachelewa. Mama hajapatwa na kitu. Inafika saa kumi na moja, ndiyo saa yake. Sikumuuliza Mama, Bibi. Nilipiga hesabu kwa rula. Nilikudanganya nyumbani, nikakudanganya na hapa."

Bibi alimtazama kana kwamba yuko mbali. "Unasema tu ili nile," alisema taratibu, akageuza uso wake mlangoni.

Hapo ndipo Profesa alipoogopa kuliko siku zote za maisha yake. Kweli ameitoa, na haikuaminika. Alikimbia mpaka dawatini, akampita mtu aliyekuwa anasubiri zamu yake, akasema yote mbele ya watu bila kupunguza neno: "Bibi yangu ana kisukari, hajala, anatetemeka, anadhani ndege ya mama yangu imeanguka kwa sababu nilimdanganya, na sasa haniamini. Tafadhali njoo umwambie wewe!"

Dada mwenye skafu hakuuliza swali. Alichukua chupa yake ya juisi iliyokuwa chini ya dawati, akatoka naye mbio. Wakamketisha Bibi kitini, mmoja huku mmoja kule.

"Mama, ndege ya mwanao ni nzima," yule dada alimwambia, akimshikia chupa. "Imetua kusini salama, imeruka tena, nimeiona kwenye kompyuta. Itafika jioni, kama kawaida yake. Kunywa, mama. Kunywa tena."

Bibi akanywa. Profesa alipiga magoti mbele yake, akamshika mikono, akaihisi ikitetemeka, ikitetemeka, kisha ikitetemeka kidogo, kisha ikitulia. Sijui kama aliwahi kushika kitu chochote kwa makini namna ile.

"Kwa hiyo yuko salama?" Bibi aliuliza, na safari hii sauti ilikuwa yake.

"Salama kabisa. Saa hizi anakula chakula cha ndege."

"Basi anakula vibaya," Bibi akasema. Dada akacheka, akarudi kazini kwake. Baada ya kitambo alimtuma mtu wa kibandani alete mkate na mayai mawili.

Bibi alikula. Profesa alimmenyea mayai. Alipomaliza, Bibi alijifuta mikono kwa leso.

"Kwa nini hukumpigia?"

"Nilitaka nijue mwenyewe. Niliona kama nikiuliza, hesabu yangu haitakuwa na maana."

"Na hapa, uliporudi kutoka kwa yule dada?"

Profesa alikusanya maganda ya mayai. "Niliogopa hutaniita Profesa tena."

Bibi alishusha pumzi ndefu. Kisha akamvuta, akakiweka kichwa chake begani. "Nimekukasirikia sana," alisema huku akimpapasa nywele. "Nikipata nguvu zaidi nitakukasirikia vizuri. Sasa hivi nimefurahi tu kwamba mama yako ni mzima na wewe umekimbia kuita watu."

Saa kumi na moja na kidogo mlango wa kioo ulifunguka akatoka Mama. Alikuwa na sanduku moja na koti mkononi, amekonda, anatafuta watu kwa macho. Bibi alimsogelea. Alimshika mabega, akayapapasa mpaka mikononi, kama anavyokagua nguo iliyorudishwa na mteja. Kisha akalia. Mama naye akalia, halafu akamnyanyua Profesa mzima mzima, mrefu alivyokuwa, miguu ikining'inia.

"Mmenisubiri sana?" Mama aliuliza, akijifuta macho.

Bibi alitazama dari. "Muulize Profesa."

Profesa alimweleza ndani ya teksi, akiwa katikati ya Bibi na Mama. Alieleza yote, mpaka ile ndiyo ya Alhamisi. Mjomba, ambaye hajawahi kukosa utani tangu azaliwe, aliendesha akitazama barabara tu.

Mama alimshika mkono. Viganja vyake vilikuwa vigumu kwa sababu ya pasi. "Hesabu yako haina kosa," alisema. "Rula ilipima karatasi ikapima sawa. Lakini aliyekuwa na tiketi ni mimi. Nilikuwa nimekaa kule na simu mkononi, natamani mtu aniulize nafika saa ngapi, nimwambie. Ungeniuliza ningefurahi, mwanangu. Kuulizwa na wewe ndiko kunakonifanya nijione bado ni mama."

Profesa hakuwa amelifikiria hilo hata mara moja. Alilaza uso kwenye koti la Mama mpaka wakafika nyumbani.

Asubuhi ya Jumapili Bibi alikunjua kile kitambaa cha bluu. Akamsimamisha Mama katikati ya chumba, akamzungushia futi kiunoni, na Profesa akashika ncha ya pili.

"Umeona?" Bibi akamwambia Profesa. "Amepungua. Ningekata kwa ile picha yako, gauni lingemvaa yeye badala ya yeye kulivaa."

Walicheka wote watatu. Profesa alitazama mikono ya Bibi ikipita begani kwa Mama, ikishuka mgongoni, na swali alilolificha miaka miwili likamtoka bila kuhesabu kitu chochote.

"Mama, utarudi lini ukae moja kwa moja?"

Bibi aliacha kupima. Mama aliangalia chini, kisha akamtazama Profesa usoni.

"Sijui," alisema. "Ningeweza kukutajia mwezi, ukafurahi leo. Lakini sijui, mwanangu. Nikijua, utakuwa wa kwanza kuambiwa."

Jibu hilo liliuma. Profesa alilisikia likiuma, lakini halikumfanya atazame chini, wala halikumfanya atake kuuliza mara ya pili ili apate jibu tamu zaidi. Aliitikia kwa kichwa. "Basi kila Jumapili nitakuuliza."

"Uniulize," Mama akasema, akamgusa shavu.

Bibi alivuta kamasi, akajifanya anatafuta chaki. "Umemsikia mama yako?" alimwambia Profesa. "Mtu mzima, amesafiri nchi za watu, na amesema sijui mbele ya mtoto wake. Hakufa. Mimi jana nusura niuawe na hiyo 'najua' yako. Usipojua, sema hujui, halafu uliza. Ukikosea, sema umekosea siku hiyo hiyo, kabla kosa halijaota miguu. Ukifanya hivyo nitakuita Profesa mpaka nife."

"Sawa, Bibi."

"Haya, shika futi vizuri, Profesa. Mama yako ana njaa na bado hatujapima mikono."